Nexus au Artifactory: kuchagua ghala la vifurushi kwa ofisi ndogo ya Mtwara

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kesho yake asubuhi, ofisini kwetu Mtwara mjini, kijana wetu wa Android alibonyeza kitufe cha kujenga programu, akatoka kununua ming'oko, akarudi, akaimaliza yote kwa chumvi na ndimu. Mstari wa Gradle, chombo kinachojenga programu, ulikuwa bado palepale. Kilichokuwa kinasubiriwa ni faili moja la POM, yaani la maelezo ya maktaba, lenye kilobaiti chache, lililoko Maven Central, ghala la umma la maktaba za Java. Na wiki moja nyuma mvua za kimbunga Hidaya zilikuwa zimekata barabara ya Dar pale Somanga, kwa hiyo hata ujanja wetu wa zamani wa kumkabidhi kondakta wa basi flashi usingekuwa na uhakika.

Tangu hapo nimeendesha ghala la vifurushi, yaani seva inayotunza maktaba na programu zilizojengwa, la aina mbili, Nexus Repository ya Sonatype na Artifactory ya JFrog, kila moja kwa miezi kadhaa, kwenye mashine ileile. Ulinganisho mwingi utakaoukuta umeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, na unaanzia kwenye idadi ya vipengele. Mimi naanzia kwingine: diski ikijaa, umeme ukikatika na intaneti ikipotea, ipi inakurudisha kazini haraka, na ipi inakueleza ukweli kuhusu kilichoharibika.

Ghala lenyewe

Watu wa kusini hatuhitaji somo refu kuhusu ghala. Tangu 2007 korosho zetu zinapita kwenye stakabadhi ghalani: mzigo unapokelewa, unapimwa, unapewa daraja, unaandikiwa karatasi. Ghala la programu ni hivyohivyo. Kifurushi kikiingia kina jina, namba ya toleo na alama ya uhakiki kama SHA-1, na toleo rasmi likishapokelewa halibadilishwi tena. Nje ya hapo ni kangomba, kama korosho zinazouzwa kichochoroni: JAR moja (faili la programu ya Java) imetumwa WhatsApp, nyingine imetoka kwenye flashi ya mtu, na baada ya miezi 3 hakuna anayejua programu iliyoko kwenye mizani ya chama cha msingi ilijengwa kwa maktaba ipi. Sisi tulikuwa na folda ya pamoja yenye faili lililoitwa mizani-mpya-FINAL2.jar. Sijivunii.

Ghala zote mbili zina milango ya namna 3. Kuna mlango wa vitu vyenu wenyewe, kuna mlango unaokwenda kuchukua vitu nje na kubakiza nakala ndani, na kuna mlango wa mbele unaounganisha yote ili mtengeneza programu aandike anwani moja tu. Nexus inaiita hosted, proxy na group. Artifactory inaiita local, remote na virtual. Ukisoma msaada wa moja huku umekaa mbele ya nyingine, badilisha majina kichwani, mengine yanafanana.

Mlango wa pili ndio unaolipa gharama yote huku kwetu. Maktaba inashushwa mara moja kwa bando, kisha watu watano wanaichukua ndani ya chumba kwa kasi ya waya. Lakini elewa mpaka wake: kinachobaki ndani ni kile tu ambacho mtu ameshakiomba. Proksi haikisii mahitaji yako ya kesho.

Bure ya nani ina nini ndani

Hapa tofauti ni kubwa na inaamua mambo mapema. Artifactory ya bure ya chanzo huria inashika Maven, Gradle, Ivy, SBT na mafaili ya kawaida, basi. Ukitaka imeji za Docker (programu zilizofungashwa pamoja na mahitaji yake) bila kulipa, JFrog wana bidhaa nyingine, JFrog Container Registry, yenye Docker, Helm na mafaili ya kawaida. Ukitaka npm, yaani vifurushi vya JavaScript, unalipia. Kwa hiyo ofisi yenye Java, kurasa za React na Docker, kama yetu, haiwezi kukaa kwenye Artifactory bila kutoa hela, na hela hiyo ni ya dola, kwa kadi, kila mwaka.

Nexus ya bure inashika karibu kila kitu: Maven, npm, NuGet, PyPI, Docker, Helm, apt, yum, mafaili ghafi. Bei yake imejificha kwenye kipimo. Mwaka 2025 toleo la zamani la OSS (chanzo huria) lilibadilishwa kuwa Community Edition, nalo likaja na ukomo wa vipande ndani ya ghala na wa maombi kwa siku. Lilipoanza ilikuwa vipande 100,000 na maombi 200,000. Ukivuka, ghala linaacha kupokea kipya mpaka upunguze au ulipie. Namba hizi zisome upya kila unapopandisha toleo, usinishike mimi kwa maneno yangu.

Watu watano wanaweza kufika huko? Kwa Java peke yake, ni vigumu. Kwa npm, ni rahisi kuliko unavyodhani, maana kila toleo la kila kifurushi ni kipande chake, na mradi mmoja wa React unaburuta mamia ya vifurushi ambavyo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuvitaja kwa jina. Na maombi huongezwa zaidi na mashine ya kujengea inayoanza kila mara na kache tupu.

Kuhusu uzito wa mashine: Nexus inakuja imewekewa MB 2,703 za kumbukumbu ya Java na inataka kompyuta yenye GB 8. Artifactory ya mfululizo wa 7 si programu moja, ni ukoo: kuna router, access, metadata, sura ya mbele, kila mmoja na mchakato wake. Pia inataka hifadhidata ya PostgreSQL pembeni, na hifadhidata ya ndani ya Derby siku hizi inakubali tu ukiandika wewe mwenyewe kwenye mpangilio kwamba allowNonPostgresql ni kweli. Mashine yetu ni kompyuta ya mezani ya mtumba yenye GB 16, na zote mbili zilikaa. Kwenye ya GB 8 inayofanya na kazi nyingine, Nexus itakaa ikihema. Artifactory usiijaribu.

Diski inapojaa

Hili ndilo tatizo utakalokutana nalo kwanza, kabla ya lingine lolote.

Tulikuwa na SSD ya GB 240. Kila mtu akiunganisha kazi yake, mashine ya kujengea inapandisha snapshoti, yaani toleo la muda la majaribio, ya MB 60 na imeji ya Docker juu yake. Siku moja upandishaji ukaanza kukataa. Nikaingia Nexus, nikafuta snapshoti za miezi 5, karibu GB 90 kwa hesabu ya kurasa zenyewe. Nikaandika df -h, amri ya kuona diski imejaa kiasi gani, kwa furaha. Asilimia 98, kama mwanzo. Nikafuta zaidi. Asilimia 98. Dada wa hesabu aliyekuwa amekaa pembeni akauliza, "Kaka, una uhakika unafuta kwenye kompyuta yenyewe?"

Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimesoma. Nexus ikifuta kitu haikitoi kwenye diski. Kila kifurushi ndani ya stoo yake kina mafaili mawili: moja la .bytes, ambalo ndilo mzigo, na moja la .properties, ambalo ni karatasi ya maelezo. Ukifuta, karatasi inaongezewa mstari unaosema deleted=true, mzigo unabaki palepale. Unaondoka siku utakapoendesha kazi inayoitwa "Admin - Compact blob store". Niliiendesha, nikasubiri, diski ikashuka. Kwa Docker kuna hatua ya katikati: baada ya kufuta lebo za imeji unahitaji kazi ya "Docker - Delete unused manifests and images" ndipo ufuate na compact. Ukiruka ya katikati, tabaka za imeji zinabaki zimekaa kama wageni waliosahau harusi imeisha.

Sasa kazi hizo mbili zimepangwa usiku, kwa mfuatano huo, zikitanguliwa na kanuni ya usafishaji inayoondoa snapshoti ambayo haijashushwa kwa siku 30. Ziweke siku ileile unaposakinisha.

Artifactory ina njia nyingine, na kwa hili ni bora. Yenyewe huhifadhi kila faili kwa alama yake ya SHA-1, ndani ya folda zenye herufi mbili za mwanzo za alama hiyo. Faili lilelile likiwekwa sehemu 10, diskini liko mara moja, zilizobaki ni kumbukumbu kwenye hifadhidata. Kuhamisha toleo kutoka ghala la majaribio kwenda la wateja hakuongezi hata baiti moja. Ukifuta, kitu kinakwenda kwenye kapu la taka na kukaa siku 14, kisha mzoaji taka, anayepita kila baada ya saa 4, ndiye anayekitoa diskini. Kwa hiyo hata hapa df itakudanganya kwa muda. Ukiwa na haraka unamwaga kapu kwa mkono na kumwita mzoaji kabla ya zamu yake. Kapu hilo liliniokoa mara moja nilipofuta folda ya toleo badala ya snapshoti. Kwenye Nexus ningekuwa natafuta nakala rudufu.

Kwa zote mbili, jambo moja usifanye: usiingie kwenye folda ya stoo na kufuta kwa rm. Hifadhidata itaendelea kuamini mzigo upo, na makosa utakayopata baadaye yatakufanya ulaumu mtandao, ulaumu Maven, ulaumu kila mtu.

Na ujanja mmoja mdogo. Tengeneza faili tupu la GB 5 kwenye diski hiyohiyo kwa amri ya fallocate. Diski ikijaa kabisa, hifadhidata inashindwa kuandika hata hatua ya kufuta, kwa hiyo huwezi kusafisha. Ukiondoa faili hilo la akiba, ghala linapata pumzi ya kukusikiliza.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Nexus kwa miaka mingi ilibeba hifadhidata ya ndani iitwayo OrientDB, na kuzimika ghafla ndiko kulikokuwa adui wake. Kuanzia toleo la 3.71, mwaka 2024, OrientDB iliondolewa, sasa ni H2 au PostgreSQL. Ukirithi Nexus ya zamani kwa mtu aliyehama ofisi, usirukie toleo jipya. Panda kwanza hadi 3.70, hamisha hifadhidata hapo kwa kifaa chao cha kuhamishia, ndipo uendelee. Na kwa sehemu yenye umeme wa kubahatisha ningekwenda PostgreSQL moja kwa moja, japo ni kazi zaidi siku ya kwanza.

Artifactory ikiwa juu ya PostgreSQL inaamka vizuri baada ya kuzimika. Inachelewa tu, maana ule ukoo wote lazima uamke na kusalimiana. Kuna asubuhi niliona ukurasa wa mbele umefunguka lakini kila ombi linarudisha kosa la 503, yaani huduma haijawa tayari. Nilitaka kuanza kubomoa, kumbe nilihitaji kusubiri dakika 4.

Lakini tazama hali mbaya kabisa: hifadhidata imekufa na nakala rudufu hakuna, au ipo lakini ni ya miezi 2 iliyopita. Hapa ndipo ile tabia ya Nexus iliyonitesa kwenye diski inageuka kuwa neema. Kila karatasi ya .properties imebeba jina la kifurushi na jina la ghala kilimotoka. Kuna kazi ya "Repair - Reconcile component database from blob store" inayopita kwenye mafaili hayo na kujenga upya orodha. Si ya kutegemea badala ya nakala rudufu, ila ipo. Artifactory bila hifadhidata yake ni maelfu ya mafaili yenye majina kama 3f9a na kuendelea, hayana hata kiambishi cha mwisho. Mzigo upo wote, stakabadhi zimeungua. Huwezi kujua gunia hili ni la nani.

Kwa hiyo ukichagua Artifactory, pg_dump (nakala ya hifadhidata) ya kila usiku kwenda diski nyingine si hiari. Ukichagua Nexus, nakala ya hifadhidata na ya stoo zichukuliwe karibu wakati mmoja, hifadhidata ikitangulia. Na kwa zote nunua UPS inayozungumza na kompyuta kwa waya wa USB, ili betri ikifika chini mashine izime yenyewe kwa adabu. Yetu ni ya kawaida tu na inatupa dakika 12. Zinatosha.

Intaneti ikikata, na ikirudi

Intaneti ikikata, ghala zote mbili zinaendelea kutoa kile walichonacho. Siku hiyo utafurahi. Shida ni inaporudi.

Nexus ikishindwa kufika nje mara kadhaa hujifungia mlango. Utaona kwenye orodha ya proksi maneno "Remote Auto Blocked and Unavailable". Kisha inajaribu tena yenyewe, kwa vipindi vinavyozidi kurefuka. Nia ni nzuri, ila baada ya saa nyingi za kukatika unaweza kuwa una intaneti, simu yako inafungua kila kitu, na ghala bado limejifungia. Usikae ukisubiri. Ingia kwenye proksi husika, zuia kwa mkono, hifadhi, fungua, hifadhi. Artifactory ina tabia hiyohiyo lakini kipindi chake cha kudhani kuwa nje kumekufa ni sekunde 300, basi.

Halafu kuna kumbukumbu ya visivyopatikana, ambayo imekula mchana wangu mmoja mzima. Mwenzetu wa Dar alichapisha maktaba mpya Maven Central, akatupigia simu, sisi tukaiomba dakika chache kabla haijafika. Jibu: haipo. Nexus ikaandika kwamba haipo, na kwa mpangilio wake wa awali itaamini hivyo kwa dakika 1,440, yaani siku nzima. Mwenzetu anaiona kwenye kivinjari, sisi tunapata 404. Tiba ni kitufe cha kubatilisha kache kwenye ghala hilo, au kuishusha namba yenyewe. Mimi nimeweka 30. Artifactory kwa hali hiyo husubiri sekunde 1,800, kwa hiyo wengi hawatagundua hata kwamba kulikuwa na tatizo.

Na hata ukilisafisha ghala, kompyuta ya mtengeneza programu nayo ina kinyongo chake. Maven huacha mafaili yenye mwisho wa .lastUpdated ndani ya ~/.m2/repository, yakisema nilishaomba nikakosa. Ukiona ghala lina kitu na mtu mmoja tu ndiye anayekikosa, mwambie aendeshe mvn -U kabla hujagusa seva.

Kuna tundu jingine ambalo wengi huliacha wazi. Gradle Wrapper hushusha Gradle yenyewe kutoka services.gradle.org, si kutoka Maven Central, na anwani hiyo iko kwenye gradle-wrapper.properties. Unaweza kuwa na ghala zuri kuliko yote kusini na bado ukakwama mstari wa kwanza kwa sababu ya hilo. Tengeneza proksi ya mafaili ghafi kwa anwani hiyo, badilisha distributionUrl. Ongeza proksi za maven.google.com na plugins.gradle.org/m2. Kwa hili ghala zote mbili ni sawasawa, hata za bure.

Makosa yenye namba

401 mara nyingi ni nenosiri, lakini kwa Maven ni zaidi jina la seva kwenye settings.xml kutolingana na lile la kwenye pom. Herufi moja tu. Kwa npm kwenye Nexus ni jambo jingine kabisa: lazima uwashe "npm Bearer Token Realm" kwenye mipangilio ya usalama, na kwa kushusha imeji za Docker bila kuingia, "Docker Bearer Token Realm". Bila hizo utaandika nenosiri sahihi mara 20 na kukataliwa mara 20. Artifactory haina mtego huu.

Nexus ikirudisha 400 unapopandisha toleo, karibu kila mara unajaribu kuandika juu ya toleo lililokwisha kupokelewa. Usilegeze kanuni, ongeza namba ya toleo. Artifactory hutoa 409 ukipeleka snapshoti kwenye ghala la matoleo, na ujumbe wake unasema waziwazi ghala linakubali nini. Kwa jumla lugha ya makosa ya Artifactory ni ya binadamu zaidi. Nexus inakutuma kwenye nexus.log ukasome mwenyewe, ingawa logi yake iko sehemu moja, wakati Artifactory ina logi za kila mwanaukoo na inabidi ujue nani umuulize.

413 si ya ghala hata moja. Ni nginx, seva ya wavuti uliyoiweka mbele, ambayo kwa kawaida hairuhusu mzigo unaozidi MB 1. Ongeza client_max_body_size. Na ukiona 501 kwenye mradi wa zamani, kuna mtu aliandika anwani ya Maven Central kwa http tupu. Hiyo ilifungwa tarehe 15 Januari 2020.

Kuhusu usalama nitakuwa mfupi. Mwezi Februari 2021 ilionyeshwa hadharani jinsi mtu wa nje anavyoweza kuchapisha kifurushi chenye jina sawa na la ndani ya kampuni, kikiwa na namba kubwa zaidi, na mashine za kampuni zikakichukua kile cha nje. Nexus inazuia kwa kanuni za njia: majina yenye kiambishi chenu hayaruhusiwi kutoka nje. Artifactory inafanya kwa mifumo ya kuruhusu na kukataa, pamoja na kuyapa ghala za ndani kipaumbele. Zote zinaweza, hakuna inayofanya yenyewe.

Wengine waliopo

Kama tayari mna GitLab yenu wenyewe, ghala lake la vifurushi limo ndani na hakuna cha kusakinisha. Kwa vitu vyenu ni zuri. Kwa vitu vya nje toleo la bure linabakiza nakala za imeji za kontena, lakini si za Maven. Ombi la npm lisilopatikana linasukumwa tu kwenda npmjs.com, kwenu hakibaki kitu. Siku ya nyaya kukatika halitakusaidia.

Reposilite ni ya Maven peke yake, nyepesi sana, inaweza kukaa kwenye mashine ambayo Nexus isingeweza hata kuwaka. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, Java tu, ningempa hiyo bila kufikiri mara mbili. Verdaccio ni ndugu yake upande wa npm. Apache Archiva bado utaikuta inatajwa kwenye miongozo ya zamani. Ilistaafishwa 2024, ipite.

Ningechagua nini

Ofisi ya watu watatu hadi kumi, lugha mchanganyiko, hakuna bajeti ya dola: Nexus, juu ya PostgreSQL, kazi za usafishaji zikiwa zimepangwa siku ileile ya kusakinisha. Hapo ndipo tulipo sasa. Namkosa yule wa kapu la taka, na bado nakereka na dakika 1,440, lakini npm na Docker na Maven viko chini ya paa moja na hatulipi.

Ofisi ya Java tupu yenye matoleo mengi makubwa yanayopita kutoka majaribio hadi kwa wateja: Artifactory ya bure, kwa sababu ya ile hifadhi isiyorudufu mafaili, ilimradi kuna mtu anayejua PostgreSQL na kuna mashine ya GB 16. Kama kuna mfadhili analipa na mnahitaji makao ya pili Dar yanayolingana na ya hapa, basi Artifactory ya kulipia, na mimi nisingebishana. Wanafunzi wenye mradi mmoja wa mwaka wa mwisho: Reposilite na Verdaccio kwenye laptopu ya zamani.

Vyovyote utakavyochagua, fanya jaribio hili kabla ya kutangaza kwamba ghala limeanza kazi. Chagua mradi mkubwa kuliko yote mliyo nayo. Ujenge mara moja kupitia ghala ili lijaze stoo. Kisha ibadilishe jina folda ya ~/.m2, usiifute, na ya ~/.gradle vilevile. Chomoa waya wa faiba kwenye rauta, acha ule wa seva. Jenga tena. Mara ya kwanza sisi tulikwama kwenye Gradle Wrapper, mara ya pili kwenye programu-jalizi moja iliyokuwa na anwani yake imeandikwa ndani kwa ndani ya faili la ujenzi. Mara ya tatu ikapita kwa dakika 3 na sekunde 40, dada wa hesabu akiwa amesimama mlangoni anauliza nani amechomoa intaneti.